Nusu ya Mkwe Wangu Pilar

Mlioniuliza kwa simu, na nyinyi mlionisimamisha sokoni Chake na vikapu mkononi, na wewe Bi Zuwena uliyekuja mpaka dirishani kwangu ukanunua chapati moja ili ukae saa nzima: haya, nimeandika. Nikimsimulia kila mmoja peke yake, supu itakauka jikoni. Habari za paspoti na viza sizitii humu, alizishughulikia mwanangu na mie mwenyewe sikuzielewa. Naanza pale safari ilipoanzia, yaani kwenye aibu.

Mnanijua nilivyokuwa. Nassor, mwanangu wa pekee, aliponipigia simu kutoka Uhispania akaniambia kapata mchumba, anaitwa Lucía, mie nilikuwa nishapeleka posa Jadida, huko Wete, kwa binti wa Bi Salma. Neno nishalitoa, na kahawa ya posa tushainywa. Uso wangu nikauona umeanguka Wete nzima. Nikasema siendi harusini, na wa kwetu yeyote atakayekwenda asinijue. Kaka yangu wa Unguja alikuwa na nauli yake mkononi, akairudisha mfukoni kwa ajili yangu. Basi mwanangu akaoa kwa imamu wa huko huko, na upande wetu viti vikakaa vitupu. Walima sikupika. Miaka minne nimeuza chapati katika mkahawa wangu wa Tibirinzi, na kila harusi ikipita njiani kwa ngoma, mie najitia nimeinamia unga.

Mwaka huu karafuu za shamba la marehemu baba zilipouzwa, Nassor akaniambia, "Mama, njoo. Mama yake Lucía anaitwa Pilar. Kaa naye meza moja tu, mle. Nimechoka kuwa na mama wawili wasiojuana."

Nikakubali. Lakini moyoni nikapanga langu. Chakula hicho nitakilipia mie, chote, mpaka maji ya kunywa. Mkono mtupu haulambwi. Hicho ndicho kitakuwa walima niliouzuia, na ile aibu ya miaka minne itaishia hapo mezani.

Tibirinzi: somo kwa chapati

Mliokula kwangu mnajua namna watu wetu wanavyolipa. Hakuna anayeuliza hesabu mezani, hiyo ni tabia mbovu. Mwenye nia ya kulipa huinuka mapema, anasema "ngoja ninawe," anapita dirishani kwangu, ananitilia pesa mkononi na kunong'ona, "Meza ile yangu." Kisha ananawa kweli, anarudi, anakula. Wakishiba wenzake wakatia mikono mifukoni, mie nasema tu, "Kwishalipwa." Hapo watalaumiana, wataapa, na yeye atakuwa anatazama paa kama hayamhusu. Nimewaona wazee wawili wanakwenda kunawa pamoja, wakasukumana dirishani hapo mpaka kikombe kikavunjika. Mie mwenyewe kwa mchezo huo hakuna aliyewahi kunishinda.

Nilichokosa ni maneno. Kuna kijana mmoja, Khamis, anatembeza wageni huko Makangale, na Wahispania kawazoea. Akishuka Chake asubuhi hupita kwangu. Nikamwambia, "Khamis, nataka maneno ya kulipia chakula tu. Mengine siyahitaji."

"Na salamu je, Bi Raya?"

"Salamu nitampa kwa uso."

Tukapatana chapati mbili kwa kila neno. Akaniandikia kwenye karatasi ya daftari la skuli, kila neno na maana yake pembeni. *La cuenta, por favor*, nipe hesabu tafadhali. *¿Cuánto es?*, kiasi gani. *Pago yo*, nalipa mimi. *Quédese con la vuelta*, chenji baki nayo. Hilo la mwisho lilinigharimu chapati nne kwa urefu wake. Chini kabisa akaandika mawili zaidi: *cada uno lo suyo*, kila mtu chake, na *a medias*, nusu kwa nusu.

"Haya ya nini?" nikamuuliza.

"Haya ndiyo wanayoyatumia sana, Bi Raya. Wakishakula wanagawana. Hata mtu na rafikiye, hata mtu na nduguye."

Nilisikitika, wallahi. Nikachukua kalamu yake nikayapiga mstari yote mawili, mstari wa nguvu mpaka karatasi ikatoboka. Nikamwambia maneno ya watu wasiopendana hayaingii kwenye mkoba wangu. Khamis akatafuna chapati yake, na zile za maneno hayo mawili hakuzidai.

Mkoani: ninavyofanywa mganga

Boti ilikuwa iondoke asubuhi. Upepo ukakataa, tukakaa gatini Mkoani tangu jua changa mpaka adhuhuri, tukaswali, tukakaa tena. Nikasema muda huu nisiupoteze. Nikatoa karatasi yangu, nikafumba macho, nikawa nasoma kwa sauti ya chini huku natikisa kichwa ili maneno yaingie. *La cuenta por favor, la cuenta por favor, pago yo, pago yo.*

Bwana aliyekaa karibu yangu alikuwa na ndoo ya samaki wa kukaanga, anampelekea binti yake Unguja. Nikamwona anaivuta ndoo kidogo. Nikaendelea. Akaivuta tena, kisha akahama yeye na ndoo yake. Baada ya kitambo akaja mkewe, mwanamke mpole, akaniambia kwa heshima zote, "Bibi, kama kuna mtu wa kwetu aliyekukosea tunakuomba radhi. Yule ana presha."

Pemba tena. Mtu akinong'ona maneno yasiyojulikana na macho kayafumba, anasoma nini zaidi ya kumwitia mtu shetani? Nikamwonyesha karatasi, nikamsomea, "Nipe hesabu tafadhali." Akacheka mpaka akashika mbavu, akamwita mumewe. Yule bwana akarudi na ndoo, akanipa changu wawili waliokaangwa na ndimu, na njia nzima mpaka Unguja ananiuliza Wahispania wanasemaje "samaki kapanda bei." Sikujua. Samaki hakuwemo kwenye karatasi.

Doha: ninavyojua Kihispania

Unguja nikavuka mpaka Dar, na kutoka hapo ndege ilikwenda salama. Doha, ndege ya kuunganisha ndiyo iliyochelewa, wakatwambia saa tatu, zikawa saba. Uwanja ule ni mji. Nilitafuta pahala pa kukaa ambapo nitaona choo, pa kuswalia na ubao wa ndege kwa pamoja, nikapapata karibu na duka la kahawa.

Akaja kukaa mwanamke wa makamo, mnene kama mie, miguu imemvimba kama yangu. Akavua viatu. Nami nikavua. Tukatazamana miguu, tukasikitikiana. Akasema kitu, na ndani yake nikasikia lugha ya Khamis. Nikatoa mkate wa kumimina nilioubeba, nikamkatia. Akala, akafumba macho, akaweka mkono kifuani.

Hapo nikaona ni nafasi ya kujaribu silaha. Nikainuka kama naenda kunawa, nikafika kaunta, nikamwonyesha muuzaji vidole viwili na picha ya chai ya maziwa, nikalipa. Niliporudi na vikombe, yule bibi akaanza kufungua pochi. Nikamwambia, "*Pago yo.*"

Alishtuka, akanikumbatia, akaanza kusema. Jamani, alisema. Jina lake Yolanda, hilo nililipata, na kwao Kolombia. Mengine yote yalipita kama mvua juu ya bati. Kaniona najua Kihispania, na mie nikaona haya kumvunja moyo, nikawa namwitikia "sí", yaani ndiyo, kila anapovuta pumzi. Kuna pahala alilia kidogo, nami nikalia kidogo. Saa nzima. Vikombe vilipokwisha akainuka kabla yangu, akanizuia kwa kiganja. "*Ahora pago yo,*" akasema. Sasa nalipa mimi. Akaleta vyengine viwili.

Hapo nikafurahi kupita kiasi. Nikajisemea Khamis kanidanganya, hawa ni watu kama sisi, mmoja analipa leo, mwengine kesho. Kumbe Yolanda alikuwa wa Kolombia na ninakokwenda siko. Tena alinifundisha kitu ambacho sikukiona siku ile: alikubali chai yangu ya kwanza bila kunisumbua.

Madrid mpaka kaskazini: shikamoo ya Lucía

Nassor nilimwona kabla hajaniona. Kanenepa, kafuga ndevu, na kando yake amesimama msichana mwembamba kajifunga mtandio vibaya, kwa heshima yangu. Nilikuwa nimejiandaa kumpa mkono wa mbali. Akaja mbio, akainama, akasema, "Shikamoo, mama."

Kulitamka kwake kulikuwa kubovu, lakini alilisema lote. Nikaitika marahaba, nikamfunga mtandio upya.

Tukaenda na gari yao saa nyingi kuelekea kaskazini. Nilidhani Ulaya kote ni theluji au jua. Kule ni mvua, mvua ya masika ya kwetu kabisa, na majani mabichi mpaka barazani. Mji wao una bandari ndogo yenye harufu ya samaki na kamba zilizolowa, na nilipoteremka nikaivuta puani nikasema, mbona ni Wete hii. Nassor akacheka. Kisha akaanza kitu na kukiacha.

"Mama, kuhusu chakula cha kesho."

"Nini?"

"Aa, basi. Mama Pilar ameshazungumza na mkahawa. Utafurahi."

Angalieni hapo. Mwanangu alikuwa na neno, akalimeza. Nilijua, mie ndiye niliyemzaa, lakini nilikuwa na siri yangu pindoni mwa kanga, yuro za karafuu nilizozifunga fundo tatu. Kila mtu akanyamaza na lake.

Mezani

Pilar ni mwanamke mkavu, mfupi, nywele nyeupe kazikata kama mwanamme. Mikono yake ina makovu madogo madogo. Anachambua samaki bandarini tangu alipokuwa msichana. Alikuja na dada zake wawili. Akanibusu mashavu yote mawili, akanikalisha karibu yake, akanimiminia maji. Alikuwa amevaa herini, na akawa anazigusa mara kwa mara, kama mtu asiyezizoea.

Chakula kikaletwa katikati ya meza, watu wote wanachota hapo hapo. Hilo lilinipendeza, karibu na sinia. Akaja pweza juu ya sahani za mbao, na viazi, na pilipili nyekundu isiyowasha. Mnajua mie na pweza. Nikauma nikitafuta kosa. Sikuliona. Laini, kapigwa akapigika. Nikamwonyesha Pilar kwa ishara ya mchi na jiwe, namna tunavyompiga kwetu. Akatikisa kichwa, akaonyesha sufuria: yeye anamtumbukiza na kumtoa, mara tatu, ndipo anamwacha achemke. Tukabishana kuhusu pweza bila neno hata moja na tulikuwa tunaelewana vizuri sana. Dada zake wakacheka. Nassor alikuwa ananitazama kama siku ile aliyopasi darasa la saba.

Ukaja wali wenye chaza na kamba. Nikaona watu wanakaribia kushiba. Nikasema moyoni, sasa, Raya. Nikamwambia Lucía nataka kunawa.

Kaunta ilikuwa nyuma ya mlango. Mtu mwenye aproni akasimama. Nikafungua fundo la kwanza, la pili, la tatu. "*¿Cuánto es?*" Akasema kitu kirefu, akaonyesha meza, akagawa hewa mara mbili kwa ubavu wa mkono. Sikumwelewa, wala sikutaka. Nikasema, "*Pago yo,*" nikachora duara kubwa kuizunguka meza nzima. Akasitasita. Akatazama mlangoni. Nikamwekea noti juu ya kaunta, na alipotaka kunirudishia nikatoa ile ya chapati nne: "*Quédese con la vuelta.*" Ilitoka safi. Nikanawa mikono, nikarudi, nikakaa, nikatazama paa.

Tulikula mpaka tende za mwisho, maana Pilar alikuwa kaleta tende, sijui nani kamwambia. Kisha akainua mkono akaita hesabu, huku mkono mwengine unafungua mkoba. Yule wa aproni akaja na mikono mitupu. Akainama, akasema maneno machache, akanionyeshea kidole mie.

Nilikuwa tayari kwa malalamiko. Nilikuwa na tabasamu langu la paa. Kwetu hapo ndipo watu wangepiga kelele na kuapa na kucheka. Pilar hakufanya hivyo. Alifunga mkoba wake polepole. Akavua herini moja, akavua na ya pili, akazitia mfukoni. Akasema sentensi moja, fupi, na sauti yake haikupanda. Lucía akainamisha uso. Nikamwambia, "Kasema nini?" Hakunifasiria. Dada zake wakaanza kukusanya makoti.

Mlangoni Pilar alinibusu tena mashavu mawili, kwa adabu. Uso wake ulikuwa baridi, na ubaridi ule haukuwa wa mvua.

Nyumbani Lucía alipokwenda kulala nikamshika Nassor mkono jikoni. "Nambie. Neno kwa neno."

"Mama, acha."

"Nambie."

Akakaa. "Kasema, mara ya kwanza hakuja. Leo kaja, kanifungia nje."

Ndipo akanipa yote. Siku ya harusi Pilar alisimama peke yake mlangoni kupokea watu, na kila aliyeingia alimuuliza familia ya bwana harusi iko wapi. Akajibu wako njiani. Chakula kilipokwisha akalipa peke yake, upande wa kwake na upande wa viti vitupu. Safari hii aliposikia nakuja alimwambia Lucía, sasa tutafanya ile karamu tena, wawili, mie na yeye, nusu kwa nusu, kama wenye watoto. Alikwenda mkahawani siku mbili kabla. Akasimama na mpishi mpaka sufuria mpya ikatolewa, isiyoguswa na nguruwe. Akawaambia dada zake hakuna mvinyo mezani, na walinuna. Akamwambia yule wa aproni hesabu aigawe mara mbili, moja ya kwake, moja ya bibi kutoka Afrika. Ndiyo maana yule mtu aliikata hewa kwa mkono.

"Na weye kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia vipi, mama? Mgeni atoke Pemba, nimwambie nusu yako kiasi hichi?"

Mie mwenyewe ndiye niliyemlea hivyo. Mpemba gani angemwambia mamaake maneno yale? Nililia usiku ule, na sioni haya kuyaandika. Nilidhani nimekwenda kulipa, kumbe nilikwenda kumnyang'anya mwenzangu karamu yake mara ya pili.

Kahawa ya bandarini

Asubuhi nikamwambia Lucía anipeleke anapofanya kazi mamaake. Akaniacha kwenye kiduka cha kahawa mkabala na mnada wa samaki, akaenda kumwita, na mwenyewe akabaki nje garini. Nilimwomba abaki nje. Kuna mambo mkwe hapaswi kumwona mama wa mumewe akiyafanya.

Pilar akaja na buti za mpira na aproni yenye magamba. Hakuonyesha kushangaa. Akakaa, akaagiza kahawa mbili. Kisha akatoa bahasha ndani ya nguo, ilikuwa tayari, nadhani alitaka kumpa Nassor. Akaiweka mezani na kuisukuma mbele yangu. Nikaichungulia. Nusu ya chakula cha jana.

Nikairudisha. Mkono ulikwenda wenyewe, ndivyo ulivyofunzwa. Akaisukuma. Nikairudisha tena. Kwetu mara ya tatu ndipo mtu hujua kama mwenzake anakataa kweli au anakataa kwa adabu. Akaisukuma mara ya tatu, na safari hii hakuondoa kidole. Alikuwa ananitazama.

Wahenga walisema kutoa ni moyo. Kupokea hawakusema ni nini. Mie nawambia ni kazi nzito kuliko kusukuma unga wa sikukuu. Miaka yote nimelipa mimi, nimewahi mimi, na kumbe anayewahi kila siku hamwachii mwenzake pa kusimama. Nilimfikiria kaka yangu na nauli yake. Nikamfikiria Bi Salma, ambaye tangu kuvunjika kwa posa nilimpelekea kila kitu, sukari, mchele, kitenge, kila kitu isipokuwa mguu wangu.

Nikatoa karatasi ya Khamis. Nikaifungua juu ya bahasha. Nikatafuta lile neno chini kabisa, lililopigwa mstari mpaka pakatoboka. Nikaweka kidole hapo, nikasema, "*A medias.*"

Pilar akatoa miwani. Akalisoma neno, akausoma mstari, akanitazama, akatazama tena tundu la kalamu. Hakuhitaji mfasiri. Akacheka kwa pua, kidogo tu, kisha machozi yakamtoka akayafuta kwa mkono wa magamba na magamba yakabaki shavuni. Akamwomba muuza kahawa kalamu, akaliandika tena juu ya mstari wangu, kwa herufi kubwa kama za mtoto: A MEDIAS. Nikaichukua bahasha nikaifunga pindoni, fundo tatu, mbele ya macho yake.

Kahawa ilipokwisha nikauliza "*¿Cuánto es?*" Tukaweka kila mmoja sarafu yake kwenye kisahani. Nilimtoa gamba shavuni kwa ncha ya kanga, akarudi kazini.

Tibirinzi tena

Siku zilizobaki tulikula kwake, akala kwetu, na ugomvi wa pweza haujesha mpaka leo, ananitumia picha za sufuria. Kurudi kulikuwa kwepesi. Doha nilitazama kama nitamwona Yolanda, sikumwona. Boti ya Mkoani ilichelewa na nikalala.

Siku ya tatu tangu nifike, kabla sijaufungua mkahawa, nilikwenda Jadida. Sikubeba sukari wala mchele. Nilikaa kwa Bi Salma, nikamwambia, "Nilikuvunjia neno, nikawa nakutumia vitu ili nisije. Naomba radhi." Binti yake kaolewa zamani na ana watoto wawili, mmoja alikuwa anapanda mgongoni kwangu wakati nasema. Bi Salma akanimiminia chai. Kisha akasema, "Chai yako utie sukari mwenyewe, sikumbuki tena unavyokunywa."

Ijumaa iliyofuata nikapika walima. Wa Nassor na Lucía, uliochelewa miaka minne. Mliokuwepo mnajua, mikeka ilifika mpaka njiani na kaka yangu alikuja kutoka Unguja na nauli yake ile, akanitania nayo. Mchele, nyama na samli nilivinunua kwa ile bahasha, na kwa nusu yangu sawa na yake. Masinia yalipokuwa yanawekwa nikasimama, mie nisiyejua kusema mbele ya watu, nikawaambia kabla hamjala mjue: nusu ya wali huu ni wangu. Nusu ni ya mkwe wangu Pilar, anayechambua samaki huko kwao, na alisimama peke yake mlangoni siku ambayo ilikuwa nisimame naye.

Bi Salma alikuwa sinia la mbele. "Basi mie," akasema, "nianzie upande gani?" Wanawake wakacheka, nikakaa.

Watu wakaanza kusema bismillahi. Ndipo nikamwona Bi Salma anainuka. "Ngoja ninawe," akawaambia wenziwe. Alikuwa kanawa zamani, mie ndiye niliyemmiminia maji. Akapita nyuma ya mikeka, mkono kaufumba, akielekea kwenye dirisha la jikoni alipokuwa mpishi.

Nilikuwa karibu na mlango. Hatua tatu tu ningemwahi. Nikageuza uso nikatazama paa, nikamwacha apite.